Timu Isiyo na Tajiri: Miaka Zaidi ya Mia ya Green Bay Packers

Siku moja ya Novemba 1922 mvua iliwaharibia mambo watu wa Green Bay. Siku hiyo timu ya mji huo mdogo wa Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ilikuwa inawakaribisha wageni kutoka Columbus, Ohio. Waliokuwa wakiiendesha timu hawakulala. Walishakata bima ya mvua. Ikinyesha na watazamaji wasije, kampuni ya bima ifidie hasara. Ikanyesha kweli. Watu wakabaki majumbani, wageni wakasubiri malipo yao, na kampuni ya bima ikatazama vipimo kisha ikatoa jibu: mvua imepungua sehemu moja ya mia ya inchi kufikia kiwango cha mkataba. Haikulipa hata senti.

Wiki chache baadaye, Sikukuu ya Shukrani, ilikuja mechi nyingine, na mvua nyingine. Curly Lambeau, kijana wa miaka 24 aliyekuwa mchezaji, kocha na mkusanya madeni wa timu kwa wakati mmoja, alitaka kuiahirisha. Inasimuliwa kwamba aliyemzuia ni Andrew Turnbull, mmoja wa wakuu wa gazeti la mji, Press-Gazette. Chezeni, aliwaambia, mle hasara leo. Mkianza kuvunja ahadi ligi haitawaamini tena. Fedha nitawatafutia mimi.

Timu za namna hii zilikuwa zikizaliwa na kufa kila mwaka. Ligi iliyoanzishwa mwaka 1920 ndani ya duka la magari mjini Canton, Ohio, ilijaa miji ya viwanda ambayo leo haitajwi kabisa katika michezo ya kulipwa: Rock Island, Racine, Duluth, Pottsville, Portsmouth. Timu zao zilivunjika, au zilinunuliwa na kupelekwa kwenye watu wengi. Decatur Staleys, timu ya kiwanda cha wanga, ilihamia Chicago mwaka 1921 na ndiyo Chicago Bears ya leo. Portsmouth Spartans iliuzwa mwaka 1934 ikawa Detroit Lions. Hata Canton kwenyewe hakuna timu. Katika orodha nzima ya miji midogo ya wakati ule, umesalia mmoja.

Mji huo una wakazi wapatao 107,000, pale Mto Fox unapoingia kwenye ghuba ya Ziwa Michigan, na kwa miaka mingi umejulikana kwa viwanda vya karatasi, hasa karatasi za chooni. Uwanja wake, Lambeau Field, unachukua watu 81,000 na ushei. Tiketi za msimu zimekwisha kila mwaka tangu 1960. Orodha ya wanaosubiri ina majina zaidi ya 140,000, yaani mengi kuliko watu wa mji, na wapo wazazi wanaoandikisha watoto wachanga. Timu imetwaa ubingwa wa ligi mara 13, rekodi ambayo New York, Chicago na Los Angeles, pamoja na mamilioni ya watu wao, hawajaifikia. Na haina mwenyewe. Hakuna bilionea anayekaa chumba cha juu akiamua leo kocha afukuzwe, kesho timu ihame. Wamiliki ni wanahisa zaidi ya 530,000.

Kwa msomaji aliyezoea soka, maneno machache. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa mpira wa umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono kuliko kupigwa kwa miguu. Wachezaji 11 wa kila upande hugombea ardhi: upande wenye mpira hupewa majaribio manne kusogea yadi 10, ukifaulu unapewa mengine manne, mpaka uvuke mstari wa mwisho na kupata pointi sita. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Ni mchezo wa kusukumana na kuangushana, na huchezwa kuanzia vuli hadi katikati ya baridi kali, jambo ambalo Green Bay lina uzito wake.

Lambeau alizaliwa papo hapo Green Bay mwaka 1898. Mwaka 1918 alikwenda kusoma Notre Dame na kuchezea timu ya chuo chini ya kocha Knute Rockne, lakini mafindofindo yakamrudisha nyumbani kabla ya kumaliza mwaka. Akapata kazi kwenye kampuni ya Indian Packing, kiwanda cha nyama za makopo, kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi, fedha nzuri mno wakati ule. Hakurudi chuoni. Tarehe 11 Agosti 1919 yeye na George Whitney Calhoun, mhariri wa michezo wa Press-Gazette, waliwakusanya vijana katika chumba cha habari cha gazeti na kuunda timu. Lambeau alimwomba bosi wake fedha za jezi, akapewa dola 500 na ruhusa ya kufanyia mazoezi kwenye kiwanja cha kampuni. Ndiyo maana timu ikaitwa Packers, jina la watu wa kiwanda cha kufungasha nyama. Kiwanda kiliuzwa baada ya miaka miwili. Jina likabaki.

Msimu wa kwanza walishinda mechi 10 na kupoteza 1, wakafunga pointi 565 na kufungwa 12. Usizishangae sana namba hizo. Wapinzani walikuwa timu za vijiji na miji ya jirani. Uwanja haukuwa na uzio wala viti, kwa hiyo hapakuwa na kiingilio. Wakati wa mapumziko kofia ilipitishwa na kila mtu akatupia alichonacho. Msimu ulipokwisha mapato yakagawanywa: dola 16.75 kwa kila mchezaji.

Mwaka 1921 wakaingia ligi kuu, na msimu huo ulipokwisha wakafukuzwa. Walikamatwa wakichezesha wanafunzi wa vyuo kwa majina ya uongo, kosa ambalo karibu kila timu ilikuwa ikilifanya ila wao ndio waliofumaniwa. Kiangazi cha 1922 Lambeau aliomba msamaha, akalipa ada na kurudishiwa nafasi. Wazee wa mji wanapenda kusimulia kwamba rafiki yake mmoja aliuza gari ili ipatikane nauli ya kwenda kwenye kikao, kwa sharti la kuchezeshwa dakika moja katika mechi ya kwanza. Hadithi hiyo ni tamu kiasi kwamba naona afadhali tuiache kama hadithi. Baada ya hapo ndipo zilipokuja mvua mbili na deni.

Turnbull alitimiza neno lake. Yeye, Lambeau, daktari W. Webber Kelly, mwanasheria Gerald Clifford na mfanyabiashara wa vyakula Leland Joannes walipita kwa wenye maduka, viwanda na ofisi za mji. Watano hao baadaye walibandikwa jina la Wenye Njaa Watano, kwa jinsi walivyokuwa wakiomba bila kuchoka. Mwaka 1923 ikasajiliwa kampuni ya timu. Hisa 1,000 ziliuzwa kwa dola 5 kila moja, na mnunuzi alitakiwa pia kununua tiketi za msimu. Kampuni haikuundwa kutafuta faida. Mwenye hisa asingepata gawio. Na katiba ikaweka kifungu kimoja cha ajabu: timu ikiuzwa, fedha zote zitakazobaki baada ya madeni ziende kwa tawi la mji la chama cha wanajeshi wastaafu, zijenge mnara wa kuwakumbuka askari.

Sidhani kama watano hao walijua ukubwa wa walichokifanya. Walikuwa wanatafuta dola 5,000 tu za kuvuka msimu. Lakini kifungu kile kilimaanisha kwamba tajiri wa Los Angeles akija na mfuko wa fedha, hakuna hata mtu mmoja wa Green Bay atakayetajirika kwa kumkubalia. Asiye na faida katika kuuza hana sababu ya kuuza. Timu nyingine zote zilikuwa na mtu wa kushawishiwa.

Uwanjani mambo yakanyooka. Packers walitwaa ubingwa 1929, 1930 na 1931 mfululizo, wa kwanza wakimaliza msimu bila kufungwa. Mwaka 1935 alikuja Don Hutson kutoka Chuo Kikuu cha Alabama, mwembamba, mwenye mbio. Katika mechi yake ya pili, dhidi ya Chicago Bears, mchezo wa kwanza kabisa wa Packers ulikuwa pasi ya Arnie Herber aliyoidaka na kukimbia nayo, yadi 83. Kabla ya Hutson pasi ndefu ilionekana kama kamari ya timu iliyozidiwa. Yeye ndiye aliyezipa umbo zile njia za kukimbia ambazo wapokeaji wa leo bado wanafundishwa, na alipostaafu mwaka 1945 alikuwa amefunga mara 99 kwa kudaka pasi. Rekodi hiyo haikuvunjwa hadi 1989. Pamoja naye yalipatikana mataji ya 1936, 1939 na 1944.

Mataji hayajazi sanduku. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 shabiki mmoja alianguka kutoka jukwaani, akashitaki, mahakama ikampa karibu dola 5,000, na kampuni ya bima ya timu ikawa imeshakufa katika Mdororo Mkuu wa uchumi. (Bima na Packers, kama mnavyoona, hawakuwa na bahati.) Mwaka 1933 timu iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Joannes alitoa mkopo kutoka mfukoni mwake, na mwaka 1935 hisa zikauzwa mara ya pili, zikaleta dola 15,000.

Hatari kubwa zaidi ilitoka ndani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilizaliwa ligi pinzani, wachezaji wakaanza kugombewa, mishahara ikapanda. Mji wa karatasi na maziwa haukuweza kushindana. Lambeau, ambaye siku hizo alikuwa akionekana California mara nyingi, mwaka 1946 aliishawishi timu inunue Rockwood Lodge, jumba lililokuwa kwenye mwambao wa ghuba nje ya mji, liwe kambi ya kudumu. Lilikuwa jengo zuri, na gharama yake iliwakera wengi. Ardhi yake ilikuwa mwamba mtupu. Wachezaji waliumia miguu hadi mazoezi yakarudishwa mjini. Mwaka 1948 Packers walishinda mechi 3, mwaka 1949 mechi 2. Siku ya Shukrani ya mwaka huo, kwenye theluji, waligawanyika pande mbili wakacheza wenyewe kwa wenyewe, na wakongwe wa zamani wakarudi kuonyeshwa, ili mji uchange. Zilipatikana takriban dola 50,000.

Siku chache baadaye Lambeau alikuja na mpango wake. Alikuwa amepata watu wanne, kila mmoja tayari kuweka dola 50,000, iwapo kampuni ingebadilishwa iwe ya kutafuta faida. Kwa maneno mengine, mwanzilishi alitaka kuichukua timu kutoka kwa mji. Kikao kilikuwa kirefu na kikali. Mpango ukakataliwa. Mkataba wake uliongezwa, lakini kila mtu alijua undugu umekwisha.

Tarehe 24 Januari 1950 Rockwood Lodge iliteketea kwa moto. Inaaminika ilikuwa hitilafu ya nyaya za umeme, wapo waliokonyezana. Safari hii bima ililipa, dola 75,000, na fedha hizo ziliiokoa timu. Wiki moja baadaye Lambeau alijiuzulu na kwenda kufundisha Chicago Cardinals. Mwaka huohuo hisa zikauzwa mara ya tatu, dola 25 moja, zikaleta karibu dola 118,000, na safari hii katiba ilikazwa: hakuna mtu kumiliki zaidi ya hisa 200. Mlango ambao Lambeau alijaribu kuupitia ukafungwa kwa komeo. Alipofariki mwaka 1965 uwanja ulipewa jina lake, na leo mashabiki wengi hawajui kwamba miezi yake ya mwisho Green Bay ilikwisha hivyo. Mwaka 1950 pia ndipo alipowasili Bob Mann, mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Packers mechi za ligi.

Uwanja huo wa Lambeau nao ulipatikana kwa kura. Katikati ya miaka ya 1950 ligi ilichoka na uwanja wa zamani uliokuwa kando ya shule ya sekondari, na ikaeleweka kwamba bila uwanja mpya timu ingehamia Milwaukee, ambako ilikuwa ikichezea baadhi ya mechi zake tangu 1933. Aprili 1956 wananchi waliulizwa kama mji ukope fedha ujenge. Mmoja wa waliokuja kuwahimiza wapige kura ya ndiyo ni George Halas, mmiliki wa Chicago Bears, adui wa Packers kuliko wote. Alijua thamani ya adui wa jirani. Ndiyo ilishinda zaidi ya wawili kwa mmoja. Uwanja ulifunguliwa Septemba 1957, makamu wa rais Richard Nixon akiwepo, na Packers wakawafunga Bears wa Halas 21 kwa 17.

Mwaka uliofuata walishinda mechi moja tu kati ya 12. Uongozi ulikuwa wa kamati, na kamati ilikuwa ya watu wengi mno, kila mmoja na ushauri wake kwa kocha siku ya Jumatatu. Ikabidi wamtafute mtu wa kuwanyamazisha. Walimpata Vince Lombardi, mtoto wa mchinja nyama wa Brooklyn mwenye asili ya Italia, msaidizi katika timu ya New York Giants, miaka 45, ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa. Alikubali kwa sharti la kushika vyeo viwili, kocha na meneja mkuu, na kamati ikae mbali.

Mengi yameandikwa juu ya ukali wa Lombardi, na sehemu yake ni chumvi. Ninachokiona cha maana zaidi ni urahisi wa mchezo wake. Alikuwa na mbinu chache tu, mojawapo ya kupeleka mpira pembeni huku walinzi wawili wakitangulia kufyeka njia, na aliirudia hiyo moja mazoezini mpaka wapinzani wakajua inakuja na bado wasiweze kuizuia. Kwotabeki wake, Bart Starr, alikuwa amechaguliwa wa 200 mwaka 1956. Wachezaji wakuu wengi walikuwapo kabla ya Lombardi, katika timu ileile iliyoshinda mechi moja. Wengine aliwaleta, wakiwemo weusi kama Willie Davis, Willie Wood na Herb Adderley, katika mji uliokuwa karibu wote wa wazungu. Baa yoyote isiyowahudumia wachezaji wake weusi, aliwatangazia wenye baa, haitakanyagwa na mchezaji yeyote. Mwaka 1961 na 1962 walikuwa mabingwa. Kisha 1965, 1966 na 1967, mfululizo tena. Mwaka 1967 na 1968 walishinda Super Bowl mbili za kwanza, pambano la bingwa wa ligi yao na bingwa wa ligi pinzani, dhidi ya Kansas City Chiefs na Oakland Raiders. Lombardi alifariki kwa saratani mwaka 1970, na kombe la Super Bowl likapewa jina lake.

Mechi inayokumbukwa kuliko hizo zote ilichezwa tarehe 31 Desemba 1967, fainali ya ligi dhidi ya Dallas Cowboys. Asubuhi hiyo Green Bay ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Lombardi alikuwa ametandaza nyaya za umeme chini ya nyasi za uwanja ili ardhi isigande, jambo alilojivunia sana. Zikashindwa, na unyevu ulionaswa chini ya turubai ukawa barafu. Filimbi ya chuma iliganda kwenye mdomo wa mwamuzi, na waamuzi wakalazimika kuamua kwa kupiga kelele. Packers walitangulia 14 kwa 0, Dallas wakarudi na kuongoza 17 kwa 14. Zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 50, Packers walianza na mpira yadi 68 kutoka mstari wa Dallas, wakasogea kidogokidogo mpaka ikabaki yadi moja tu. Majaribio mawili yakateleza kwenye barafu. Sekunde 16. Walikuwa wamemaliza ruhusa zote za kusimamisha saa. Njia ya salama ilikuwa kupiga mpira langoni, wasawazishe na kwenda muda wa nyongeza. Starr alimwendea kocha akamwambia wakimbizaji hawapati pa kukanyaga, yeye amesimama karibu, atauchukua mwenyewe. Akajibenjua nyuma ya mgongo wa Jerry Kramer na Ken Bowman, akaanguka ndani. 21 kwa 17.

Sasa niseme jambo ambalo waandishi wengi wa Packers hulipita haraka, kwa sababu halina theluji wala mashujaa. Wanahisa peke yao wasingeiweka timu hii hai hadi leo. Dola 5, dola 25, kuchangishana kwenye theluji, yote hayo yaliwavusha nyakati za kiingilio cha mlangoni. Televisheni ilipokuja hesabu ilibadilika kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kila timu iliuza matangazo yake peke yake, na soko la New York likalipa mara nyingi zaidi ya soko la mji wa karatasi za chooni. Hali hiyo ingeendelea miaka 10, hakuna Lombardi ambaye angeizuia Green Bay kwenda njia ya Canton.

Pete Rozelle, kamishna kijana wa ligi, alipendekeza ligi nzima iuze haki za matangazo kwa pamoja na kugawana sawa kwa sawa. Jaji mmoja alisema mpango huo unavunja sheria ya ushindani. Rozelle akaenda Bunge la Marekani, na tarehe 30 Septemba 1961 Rais John Kennedy alitia saini sheria ya kuuruhusu. Waliokuwa na cha kupoteza zaidi ni familia ya Mara, wamiliki wa New York Giants, na Halas wa Chicago. Wote walikubali. Mkataba wa kwanza na CBS ulikuwa wa dola milioni 4.65 kwa mwaka, kila timu fungu lilelile. Mwaka 2024 Packers walitangaza kwamba fungu lao la mapato ya kitaifa limepita dola milioni 400. Ni kiasi kilekile walichopata New York. Nchi inayojisifu kwa ushindani wa soko, mchezo wake mpendwa kuliko yote unaendeshwa kwa kugawana.

Tunajua fungu la Packers kwa sababu wao peke yao hutangaza hesabu. Matajiri wengine 31 hawalazimiki. Kila Julai, wanahisa huitwa kwenye mkutano mkuu na kusomewa mapato na matumizi, na hapo ndipo waandishi wa Marekani nzima wanapojua ligi imeingiza kiasi gani. Sheria za ligi sasa zinakataza timu nyingine yoyote kumilikiwa hivi. Packers wameachwa kwa kuwa walitangulia.

Miaka 25 baada ya Lombardi ilikuwa ya ukame na haihitaji maneno mengi. Kati ya 1968 na 1992 waliingia hatua ya mtoano mara mbili tu. Waliajiri mashujaa wa zamani kuwa makocha, wakabadilishana chaguo la wachezaji wengi chipukizi kwa kwotabeki mmoja aliyekwisha chakaa, wakazoea kufungwa. Watu waliendelea kujaza uwanja. Hapo ndipo wanaobeza umiliki wa wananchi wanapopata hoja yao: shabiki anayenunua tiketi hata timu ikiwa mbovu hamtii mtu yeyote hofu.

Mwishoni mwa 1991 rais wa timu, Bob Harlan, alimwajiri Ron Wolf kuwa meneja mkuu na kumpa madaraka yote, kama Lombardi. Wolf alimleta Brett Favre kutoka Atlanta, kwotabeki mwenye mkono wa bunduki na akili ya mcheza kamari, aliyekuwa hachezeshwi huko. Mwaka 1993 Reggie White, mlinzi bora wa zama zake, akiwa huru kwenda popote, alichagua Green Bay kwa dola milioni 17 za miaka minne, na wachezaji weusi waliokuwa wakiuogopa mji ule wakaanza kuufikiria. Januari 1997 walishinda Super Bowl, ambayo sasa ni fainali ya ligi, 35 kwa 21 dhidi ya New England Patriots. Favre alirithiwa na Aaron Rodgers, aliyeleta kombe la 2011 dhidi ya Pittsburgh Steelers, naye akarithiwa na Jordan Love mwaka 2023. Makwotabeki wawili kwa miaka 30. Wapo mabilionea wanaobadilisha kila msimu.

Hisa nazo zimerudi sokoni, ila sasa ni kitu kingine. Mwaka 1997 ziliuzwa kwa dola 200, mwaka 2011 kwa dola 250, mwaka 2021 kwa dola 300, na awamu hizo mbili za mwisho kila moja ilileta zaidi ya dola milioni 60 za kutengeneza uwanja. Mnunuzi hapati gawio, hawezi kuiuza kwa faida, hapati hata nafasi ya mbele kwenye orodha ya tiketi. Fomu yenyewe humwonya asitarajie kupata chochote. Anapata cheti, kura ya kuchagua bodi, na haki ya kuhudhuria mkutano wa Julai. Mwaka 1923 mwenye hisa alikuwa mwenye duka aliyejua kwamba timu ikifa biashara ya Jumapili nayo inakufa. Leo anaweza kuwa mtu wa Texas anayekitundika cheti ukutani. Mzigo mzito bado huubeba mji. Mwaka 2000, ilipohitajika kuupanua uwanja kwa dola milioni 295, wakazi wa wilaya waliombwa wakubali kodi ya nusu senti kwa kila dola ya manunuzi. Harlan alisimama alfajiri kwenye malango ya viwanda na madukani akiwaomba wafanyakazi kura zao. Alishinda kwa asilimia 53, kiasi cha kuonyesha kwamba hata Green Bay wapo watu wasiotaka kulipia mpira. Kodi ilikoma mwaka 2015.

Kifungu cha mnara wa askari kilibadilishwa mwaka 1997: timu ikiuzwa sasa, fedha zitakwenda kwenye mfuko wa hisani wa Packers wenyewe. Na rais wa timu, kwa mujibu wa kanuni, hustaafu akifikisha miaka 70. Februari 2025 huko Chicago alifariki Virginia McCaskey, binti wa George Halas, akiwa na miaka 102, na Bears wakabaki mikononi mwa ukoo. Julai ya mwaka huohuo Mark Murphy, rais wa Packers, alitimiza 70, akakabidhi ofisi kwa Ed Policy, ambaye alikuwa ameajiriwa humo kama mwanasheria.